Kocha Wangu Alipokuwa Mkwe Wangu

Watu huniuliza kuhusu mguu huu, nami huwaambia nilianguka. Wenye adabu huishia hapo. Wasio na adabu, na Kitengela hatuna uhaba wao, huuliza nilianguka wapi. Nikiwaambia nilikuwa juu ya ukuta, najifunza parkour, ule mchezo wa kupanda na kuruka kuta, pamoja na vijana, hutazama mvi zangu, hutazama fimbo, halafu hutafuta mtu wa kucheka naye. Nawaacha wacheke, maana hata mimi ningecheka. Kinachonikera ni kwamba wote hutoa hukumu moja: mama, na umri wako huo! Hapo ndipo wanapokosea. Si umri ulioniangusha.

Nilianza nikiwa na miaka hamsini na mmoja. Kazi yangu ni mapazia. Nayakata, nayashona, na zamani nilikuwa nayatundika mwenyewe, kwa sababu fundi wa kutundika huacha pazia limepinda kisha akasema nyumba ndiyo imepinda. Siku moja, katika nyumba ya mteja kule Ngong, ngazi iliteleza nikaja nayo mpaka chini. Sikuvunjika kitu. Niliamka, nikajipangusa, nikamaliza kazi, nikarudi nyumbani nikijisifu. Lakini kesho yake nilipotaka kupanda kiti kutoa sufuria juu ya kabati, miguu ilikataa.

Woga ule haukutoka. Nilianza kushuka ngazi kiubavu, kama kaa. Nilianza kugusa kuta nikitembea. Daktari alinipima akasema mifupa yangu ni mizuri kuliko ya watu wengi anaowaona, niende nikatembee. Alipima mifupa tu, na ugonjwa wangu ulikuwa mahali pengine. Mama yangu mzazi aliteleza mara moja tu jikoni kwake, akaketi kwenye kiti, na tangu siku hiyo hakutaka kutoka kwenye kile kiti. Alikuwa mwanamke wa kubeba kuni kupanda mlima. Tulimlisha pale, tukamwogesha pale, na akazeeka pale kwa miaka michache tu mpaka tukamzika. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona kiti changu. Kilikuwa karibu na dirisha, na mto wake wa manjano niliuficha ili nisiupende.

Jirani na ploti yangu kulikuwa na ploti ya mtu aliye ng'ambo. Alikuwa amemwaga slabu ya zege, akainua kuta kidogo, nyingine hadi magotini, nyingine hadi kifuani, kisha pesa au hamu ikamwishia, nyasi zikaota kwenye nyufa. Mlinzi wake aliwaruhusu vijana fulani kufanyia mazoezi pale kila Jumamosi mchana, mradi wafagie slabu na wasiandike ukutani. Kelele zao zilinichosha. Jumamosi moja nilivuka kwenda kuwafukuza.

Kiongozi wao alikuwa kijana mrefu wa kama miaka ishirini na minane, mtoto wa wafugaji wa upande wa Kajiado, aliyeuza vigae dukani siku za kazi. Aliponiona alikuja mbio kunipokea. "Takwenya, mama," akanisalimu kwa Kimaasai, nami nikamjibu "Iko," maana miaka ishirini Kitengela haiendi bure. Nilikuwa na maneno yangu tayari mdomoni. Lakini nyuma yake niliona kitu kilichoninyamazisha. Wale vijana hawakuwa wanaruka. Walikuwa wanaanguka. Mmoja baada ya mwingine walijitupa kwenye godoro kuukuu, wakabingiria begani, wakasimama, wakarudi kwenye foleni kuanguka tena.

"Mbona mnaanguka?" nikauliza.

"Kuruka ni rahisi, mama," akasema. "Hata ng'ombe anaruka. Kuanguka ndio masomo."

Nilisimama pale nikitazama mpaka nikasahau nilichokuja kufanya. Mwishowe nikamwuliza swali ambalo nililivalisha nguo za udaku ili lisionekane ni langu. "Na hii kitu mtu anaanza akiwa na miaka ngapi?"

"Inategemea ni nani anaanza. Mtoto wa miaka saba akiletwa na mzazi, namwachilia acheze, atambae, aruke hapo chini-chini. Hao wa kumi na tano, kumi na sita, ndio wananipea kazi. Mwili iko tayari, lakini kichwa iko kwa simu. Anataka aruke ile kubwa aliona jana."

"Na mtu mzima?"

Alinitazama, nikajua nguo zangu za udaku hazikumdanganya. "Mtu mzima akiweza kusema 'leo hapana' mbele ya watu, na asione aibu, anaweza anza hata leo."

Sikuanza siku hiyo. Alinirudisha kwa daktari kwanza, aulizwe kuhusu magoti na presha, na niliporudi na jibu zuri alinipa kazi ya kitoto: kutambaa kwa mikono na miguu kwenye slabu. Nilivaa tracksuit ya binti yangu, na leso juu yake kwa ajili ya majirani. Leso ile ilinitega mara mbili, nikaivua. Kisha godoro. Wiki nyingi za godoro. Nilijifunza kukunja kidevu, kutoa bega mbele, kuuacha mgongo upite kwa mshazari ili mfupa wa katikati usiguse chini. Mara ya kwanza nilianguka kama gunia. Mara nyingine nikaanguka kama gunia linalojua linakoenda. Vijana walinipigia makofi. "Mathe ni noma!" wakasema, nami nikawaambia wanyamaze, huku nikitamani waendelee.

Kutoka kwenye godoro tulihamia kwenye ukuta wa magoti. Panda, simama, shuka. Kushuka ndiko alikokazania. Alinitaka nitue kwa nyayo za mbele, magoti yakiwa malegevu, na asisikie kitu. Kama alisikia kishindo alisema, "Rudia." Nilirudia mpaka nikamchukia, na Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika.

Alikuwa na sheria zake, na hakuna aliyezivunja. Kwanza, kabla ya mtu yeyote kupanda, yeye mwenyewe alitembea kila ukuta akikanyaga jiwe moja baada ya jingine. Anayejua udongo wetu mweusi haulizi kwa nini. Udongo huu hunywa mvua ukafura, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na ukuta ulio juu yake husogea ukiwa haujamwambia mtu. Jiwe lililokuwa imara mwezi wa pili hucheza mwezi wa sita. Pili, wakija watazamaji, tunashuka. Waje na simu au waje na macho matupu, yeye alipiga makofi mara moja na kusema, "Shuka," na kila mtu alishuka, hata kama alikuwa katikati ya jambo. Alisema mwili una akili ya kutosha kujilinda, lakini ukitazamwa unaanza kumfanyia kazi anayetazama.

Jambo la tatu halikuwa sheria. Lilikuwa mikono yake. Kila nilipojaribu kitu kipya alisimama ubavuni mwangu, mikono imefunguka, na nilipoyumba alinishika kiunoni bila haya wala maneno, kama mtu anayeshika ndoo isimwagike. Sijui nieleze vipi jinsi hilo lilivyonitibu. Nilikuwa mjane wa miaka mingi. Hakuna aliyekuwa akinishika isipokuwa wakinipa mkono kanisani. Na hapa palikuwa na mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha kwamba nikianguka, nisianguke peke yangu. Kidogo kidogo miguu ilianza kuniamini. Mwisho wa mwaka nilikwenda tena Ngong na ngazi yangu, nikatundika pazia la sebule nzima, nikashuka nikitazama mbele kama mtu. Niliporudi nyumbani niliuchukua ule mto wa manjano nikaupa paka.

Ingeishia hapo ningekuwa na hadithi ya kusimulia kwenye chama cha akina mama, na wangechoka nayo.

Binti yangu alifanya kazi Namanga, katika ofisi ya watu wanaotoa mizigo mpakani, na alikuja nyumbani mwisho wa wiki mara moja kwa mwezi. Aliposikia mama yake anabingiria na vijana alikuja na simu yake kupiga picha za kuwachekesha wenzake. Kocha alipiga makofi. "Shuka." Tulishuka wote. Kisha akamwendea binti yangu, akamwambia kwa upole kwamba simu hairuhusiwi, na kama anataka kuona, avue viatu ajifunze. Binti yangu, ambaye sijawahi kumwambia kitu akakifanya mara moja, alivua viatu. Mimi niliyejua kila jiwe la kuta zile sikuona kilichokuwa kinaendelea mbele ya macho yangu. Jumamosi zikapita, Namanga ikawa karibu ghafla, na aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi akawa hakosi.

Waliponiambia wanataka kuoana, nilicheka kwa furaha mpaka nikalia. Kijana gani tena ningemtakia? Nilimjua kwa undani kuliko mama mkwe yeyote anavyomjua mkwe wake. Nilijua hakasiriki haraka, hajisifu, na mtu akiwa hatarini yeye hutangulia. Ndugu zangu walikuja kutoka Murang'a, wazee wao wakaja kutoka Kajiado na blanketi na mbuzi, wakazungumza wakaelewana, tukala. Yule shangazi yangu mkubwa, ambaye hajawahi kunyamaza katika sherehe, alinivuta pembeni.

"Na ile maneno ya kubebwa na huyo kijana, imeisha. Umesikia? Sasa ni mkwe wako."

"Tata, ni mazoezi tu."

"Ni mkwe."

Kwetu, mama hafanyi mzaha na mume wa binti yake. Kwao ni zaidi. Mama wa mke ni mtu wa kupewa heshima kutoka mbali: mkwe hali naye chakula hivi hivi, hataniani naye, hamgusi. Vijana wa leo wamelegeza mengi, lakini huyu alilelewa na mama aliyeshika mila na Biblia kwa mkono mmoja. Jumamosi iliyofuata alinisubiri ukingoni mwa slabu, kichwa ameinamisha, mikono nyuma.

"Mama, kuanzia leo huyu dada ndiye atakushika," akasema, akimwonyesha msichana wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wake hodari, mwembamba kama ufito.

Hapo ndipo ningesema neno. Ningesema, basi mimi nimefuzu, nabaki kutazama. Au ningemwambia: mwanangu, heshima yangu mimi ni unishike nisianguke, hizo nyingine peleka kwa wengine. Sikusema. Nilifurahi. Nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo ninalolijutia kuliko ule mfupa: nilifurahi kuheshimiwa. Nilisimama pale nikijiona mtu mkubwa, mama wa bibi arusi, na nikamkabidhi kilo zangu themanini yule mtoto wa watu.

Na mimi pia nikabadilika, taratibu, bila kujua. Nilianza kuja nimesuka. Nilinunua tracksuit yangu mwenyewe, ya rangi ya zambarau. Ikifika zamu ya godoro nilisema nimeshajinyoosha nyumbani, maana mama mkwe atabingiriaje chini, miguu juu, mkwe akiwa pale? Kutambaa nikaacha. Kurudia nikaacha, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuniambia rudia. Nilichobakiza ni vitu vya heshima, vya kusimama wima: kupanda ukuta, kutembea juu yake mikono imenyooka, kushuka kwa madaha. Nilikuwa nimeacha kuanguka. Yeye alikuwa upande wa pili wa slabu na wengine, na nilimwona akinitupia jicho, akitaka kusema kitu, kisha akigeukia wengine.

Vijana wa miaka kumi na sita aliowalalamikia siku ile ya kwanza walikuwa wakimsumbua kwa haraka zao, lakini aliwapigia makofi na wakashuka. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na miwili na nilikuwa mbaya kuliko wao wote, na hakuwa na la kunifanya.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha, jua limeanza kukausha udongo, siku mama yake kocha alipokuja kunitembelea. Alikuja na dada zake wawili tupange mambo ya harusi. Nilipika kuku, chapati na kamande, nikavaa gauni langu la kanisani. Mama yule ni mtu mdogo, mcheshi, shanga shingoni na miwani puani, na tulipomaliza kula alinigeukia akinitazama kwa furaha ya kweli.

"Nasikia unatembea juu ya ukuta kama mbuzi," akasema. "Mimi nikasema hapana, huyo ni uongo ya vijana."

Dada zake walicheka. Binti yangu alicheka. Nami nikacheka, nikawaambia, "Njooni muone."

Ningeweza kusema leo hapana. Ni maneno mawili. Nilikuwa nimeshiba, nimevaa gauni, sikuwa nimejinyoosha wala kukanyaga lile godoro kwa miezi. Tena niliyajua maneno yale kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiyo yaliyonifungulia mlango. Lakini mama wa mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka mbali na alikuwa anatabasamu.

Tulivuka hadi ile ploti. Vijana walikuwa kwenye mazoezi, na walipoona wageni wenye shanga na vitambaa wakashuka wenyewe, hawakungoja makofi. Nilienda moja kwa moja kwenye ukuta wa kifua, nikapandia pale pa chini, nikasimama juu. Yule msichana alikimbia akasimama ubavuni mwangu. Kocha alikuwa ametoka upande wa pili, akaja, akasimama hatua mbili kutoka ukutani. Nilimwona akitazama mawe. Nilimwona akinitazama. Alifungua mdomo, na nililijua neno lililokuwa kwenye ulimi wake, nimelisikia mara nyingi mno. Lakini atamwambiaje mama wa mke wake "Shuka," mbele ya mama yake mzazi?

"Mama," akasema, "pengine chai imeiva."

Kila mtu alicheka. Walidhani ni mzaha.

"Chai itangoja," nikasema, nikaanza kutembea.

Jiwe halikuanguka. Lilicheza tu, kiasi cha unene wa kidole, kama jino la mtoto. Zamani ningepiga goti, ningeshika ukuta, au ningejitupa upande wa nyasi nikabingiria kama nilivyofundishwa. Mwili ulijua. Lakini upepo ulikuwa umeingia kwenye gauni, na wageni walikuwa chini yangu, na mkono wangu wa kulia, badala ya kwenda mbele ya kichwa, ulikwenda kushika gauni lisipande.

Nilianguka upande wa kocha. Nilimwona vizuri. Mikono yake iliinuka, imefunguka, vile vile kama zamani, na mguu wake mmoja ukaja mbele. Halafu mikono ikasimama. Sikuota. Ilisimama hewani kama mtu aliyekumbuka kwamba sufuria ni ya moto. Haikuwa hata muda wa kupepesa jicho, lakini kuanguka hakuhitaji zaidi ya hapo. Msichana alinidaka begani, uzito wangu ukampita, na nyonga yangu ikafika kwenye slabu kabla ya sehemu nyingine yoyote.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ukiacha ya yule mtoto wa watu, palikuwa na mikono minne ya kuniokoa, miwili yangu na miwili ya mkwe wangu. Yangu ilikuwa inalinda heshima, na yake pia.

Sitasimulia hospitali. Waliniwekea chuma, na chuma kinajua kabla yangu kama mvua inakuja. Harusi ilifanyika, nikaketi kwenye kiti cha magurudumu nimevaa kilemba kikubwa, wanawake wa pande zote mbili wakanizunguka wakiimba. Mama yake alilia aliponiona, akaomba msamaha kwa utani wake wa mbuzi, nikamwambia asiseme hivyo, yeye alicheka tu, kucheka si kosa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wangu alizaliwa kabla ya mjukuu mwenyewe.

Kijana hakurudi kwenye slabu. Aliniuguza miezi ile kwa kila njia isiyohitaji mkono: alileta maziwa, alilipa gari, alirekebisha mlango wa bafu upitishe kiti, alipachika vyuma vya kushikilia ukutani. Vijana walimfuata nyumbani mara kadhaa kumwomba aendelee. Yule msichana mwembamba alikuja kunisihi nizungumze naye, akalia kwa sababu alidhani kosa ni lake, kwamba hakuwa na nguvu za kutosha. Nilimwambia hakuna mtu wa umri wake ambaye angepaswa kupewa kazi ile. Nilizungumza na mkwe wangu kupitia kwa mke wake, kama inavyotakiwa. Jibu likarudi: asante, mama, lakini hapana. Baadaye mwenye ploti alipata pesa, na sasa pale ni ghorofa. Wale vijana wa kumi na sita nawaona wakati mwingine wakiruka vizuizi vya barabarani peke yao, wakipigana picha, hakuna wa kuwapigia makofi. Nikiwaona hugeuza uso. Kitengela nzima ilikuwa na mtu mmoja aliyejua kumwambia mtoto ashuke, nami nilimwondoa kazini kwa sababu ya wageni wa chakula cha mchana.

Nikiulizwa siku hizi, na akina mama wenzangu huniuliza wakidhani natania nikijibu, huwaambia anza na miaka yoyote daktari atakayokuruhusu. Anza chini, anza na kuanguka, na usiache kuanguka ukishajua kusimama. Lakini kwanza jiulize ni nani anaweza kukuambia shuka, nawe ukashuka. Kama hayupo, hujafika umri.

Mwezi uliopita nilikuwa na miadi ya mazoezi ya mguu. Binti yangu yuko karibu kujifungua na alikuwa amelala, kwa hiyo mkwe ndiye aliyenipeleka. Kliniki ile ina ngazi mlangoni zisizo na kishikizo, za terazo, na siku hiyo walikuwa wametoka kuzipiga deki. Kupanda nilijikokota. Kutoka, nilisimama juu nikazitazama, na miguu ikanikataa kama ile siku ya sufuria. Yeye alikuwa ameshatangulia, amesimama chini, mikono nyuma.

"Nishike," nikamwambia.

Alitazama chini.

"Mwanangu, hakuna mtu hapa. Mama yako hayuko, shangazi yangu hayuko. Nimeshavunjika, nimeshabebwa na kila daktari wa Kajiado. Hii heshima imebaki ya nini?"

"Si heshima, mama."

"Ni nini basi?"

Alitoa mikono nyuma ya mgongo, akaitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile siku kuiona imefunguka.

"Hii mikono siiamini tena," akasema. "Ikikataa tena nitafanya aje?"

Mimi niliyemfundisha mashaka hayo nilikuwa nimesimama juu yake, nimeegemea fimbo, nikitafuta neno hata moja alilowahi kunipa mimi nilipokuwa naogopa, nimrudishie. Aligeuka akamwita mwanamke aliyekuwa akipiga deki, akamwomba kwa adabu anisaidie.

Mwanamke yule alifuta mikono kwenye aproni, akaja, akanishika kiganja akashuka mbele yangu akinivuta, akisema pole mama, pole mama. Mtu anayeshuka havutwi kwa mkono; hivyo ndivyo anavyoangushwa. Mkwe wangu aliona. Nilimwona akikunja ngumi, akifungua mdomo, na nikangoja kila hatua aniambie la kufanya. Nilifika chini salama, na hakuwa amesema neno.